Pikapu Inavuja Oili: Tafuta Chanzo Kwanza, Ndipo Ulipe

Kakanda ni mji wa madini ulio kaskazini-magharibi mwa Likasi, katika ukanda wa shaba na kobalti wa Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na maisha yake yalishikamana kwa miaka mingi na kiwanda cha kuchenjua madini cha kampuni ya Gécamines. Huko pikapu ni chombo cha kazi. Toyota Hilux na Land Cruiser za mfululizo wa 70 hubeba magunia ya unga wa mahindi, majenereta, mapipa ya dizeli, wagonjwa wa usiku na mafundi wa zamu. Kuanzia Mei hadi Septemba hupita katika vumbi jekundu. Mvua zikianza, matope na mashimo hupokea zamu. Gari linalotumika namna hiyo, siku moja litavuja oili.

Asubuhi doa jeusi linapoonekana chini ya injini, wenye magari wengi hufanya moja kati ya mawili. Wapo wanaoongeza oili kila wiki na kuendelea na safari. Wapo wanaokimbilia garaji na kuagiza gasketi ibadilishwe, kabla mtu yeyote hajajua kama gasketi ndiyo inayovuja. Njia zote mbili humaliza pesa. Mwongozo huu unaeleza njia ya tatu: kutambua kinachovuja, kupata mahali kinapotokea, kisha kulipia matengenezo yaliyothibitishwa, yawe ya fundi wa mtaani au ya wakala rasmi wa kampuni iliyotengeneza gari.

Kwa nini usisubiri

Oili hulainisha vyuma vinavyosuguana, hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, na hubeba uchafu hadi kwenye filta. Ikipungua kupita kiasi, pampu huanza kuvuta hewa badala ya oili, hasa gari linapopanda mlima au kuinama kwenye kona. Beringi za krenkishafti huweza kuharibika kwa dakika chache tu, na injini iliyokwama haitengenezwi kwa bei ya sili.

Hatari nyingine hazionekani kwenye stiki ya kupimia. Oili inayodondokea bomba la moshi au turbo inaweza kuwaka moto. Inayolowesha mipira ya maji na raba za kushikilia injini huzilainisha mpaka zinapasuka. Inayovuja kutoka sili ya mbele ya krenkishafti inaweza kufika kwenye belti ya taimingi, kwa injini zenye belti hiyo, kama 1HZ ya Land Cruiser na 1KD ya Hilux ya lita 3.0. Belti ikilowa oili huharibika kabla ya muda wake, na ikikatika gari linatembea, valvu na pistoni hugongana.

KISANDUKU: Kuvuja kwako ni kwa kiwango gani?

- *Unyevu:* chuma kimelowa, vumbi limeganda juu yake, lakini hakuna tone ardhini. Safisha, weka alama, angalia kila wiki.
- *Matone:* kila asubuhi kuna doa jipya. Pima oili kila siku na upeleke gari kwa fundi wiki hiyohiyo.
- *Mtiririko:* oili inachuruzika injini ikiwaka, moshi unatoka karibu na bomba la moshi, au taa nyekundu yenye umbo la kopo la oili imewaka. Simama mahali salama, zima injini mara moja, gari livutwe. Usijaribu kufika "hapo mbele tu".

Taa hiyo nyekundu huonyesha kuwa presha ya oili imeshuka. Kiwango cha oili kinaweza kuwa kimeshuka zamani bila taa kuwaka. Dereva anayesubiri taa imwambie aongeze oili huwa amechelewa.

Hatua nane za kupata chanzo

1. Pima oili sawasawa. Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika kumi ili oili irudi chini. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena ndipo usome. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Andika tarehe, kilomita na ulichokiona. Daftari hili litakufaa mbele ya wakala.

2. Tambua ni kimiminika gani. Chukua kidogo kwa karatasi nyeupe. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi. Oili ya giaboksi ya mkono ni nzito na ina harufu kali inayofanana na ya kiberiti. Ya giaboksi ya otomatiki na ya stelingi mara nyingi ni nyekundu. Maji ya rejeta huwa ya kijani au ya waridi na yanateleza kidogo. Maji safi yanayodondoka upande wa abiria baada ya kutumia kiyoyozi ni ya kawaida.

3. Osha injini. Ikiwa baridi, funika altaneta, mlango wa hewa na viungio vya nyaya kwa mifuko ya plastiki. Tumia kiondoa grisi na brashi, kisha maji ya presha ndogo. Bila kuosha, utaona njia ambayo oili imepita kwa miezi, na chanzo hutakiona.

4. Tandika katoni. Usiku, weka katoni pana chini ya injini na uchore juu yake mstari wa gurudumu la mbele la kushoto na la kulia. Asubuhi, kabla ya kusogeza gari, zungushia kila tone kalamu. Matone ya mbele yakuelekeze kwenye puli na sili ya mbele. Ya katikati kwenye filta na sampu, yaani chombo cha chini ya injini kinachokusanya oili. Ya nyuma kwenye kiungo cha injini na giaboksi.

5. Anzia juu. Oili hushuka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tone linaloanguka chini ya giaboksi huenda limetoka kwenye kifuniko cha valvu. Kwa tochi na kioo kidogo, fuata unyevu mpaka sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa.

6. Pulizia poda. Sehemu ikishakauka, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio unayoyashuku. Washa injini kwa muda, kisha izime, na ikiwa bado ina uvuguvugu angalia mahali poda ilipogeuka kuwa tope. Hapo ndipo pa kuchunguza.

7. Kagua bomba la kupumulia injini. Gesi zinazopenya kando ya pistoni lazima zipate njia ya kutoka. Bomba likiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili kupitia sili ambazo hazina kosa. Ukibadilisha sili bila kuzibua bomba, sili mpya itavuja pia.

8. Piga picha. Picha moja ya mbali inayoonyesha injini nzima, moja ya karibu inayoonyesha chanzo, na moja ya dashibodi yenye kilomita.

Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tumia stendi imara juu ya ardhi ngumu, funga breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa mawe au vipande vya mbao.

Mahali panapovuja mara nyingi

- *Filta ya oili.* Wakati mwingine raba ya filta ya zamani hubaki imenata kwenye injini, na filta mpya hufungwa juu yake. Raba mbili hazishiki, na injini inaweza kumwaga oili nyingi kwa muda mfupi.
- *Nati ya kumwagia oili.* Washa yake hubanwa mara moja ili izibe. Ikirudiwa huvuja, na fundi anayezidisha nguvu ili kuinyamazisha huharibu nyuzi za sampu.
- *Gasketi ya kifuniko cha valvu.* Joto la miaka hukausha raba ikawa ngumu kama kucha. Ni kazi nyepesi kwenye injini nyingi.
- *Sensa ya presha ya oili.* Ni ndogo, bei yake ni nafuu, na ikivuja hulowesha ubavu mzima wa injini. Mwenye gari huweza kuambiwa kuwa tatizo ni kubwa.
- *Sampu.* Jiwe la barabarani linaweza kuibonyeza au kulegeza maungio yake.
- *Sili ya nyuma ya krenkishafti.* Ili kuifikia ni lazima giaboksi ishushwe. Kwa sababu kazi ni kubwa, dai uthibitisho kabla ya kukubali. Giaboksi ikishashushwa, kagua klachi papo hapo ili usilipie kazi hiyo mara mbili.

Injini mbili zinazojulikana sana katika barabara hizi zina mambo yake.

Ya kwanza ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, iliyofungwa kwenye Land Cruiser nyingi za kazi. Mgongoni mwa altaneta yake kuna pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini: mpira mwembamba huleta oili kwa presha, na mpira mnene zaidi huirudisha kwenye sampu. Mipira hii hupigwa na joto na mtikisiko, ikakakamaa na kufanya nyufa pale inapobanwa na klipu. Wa kuleta oili ukipasuka, injini inaweza kumwagika oili barabarani dereva asijue mpaka taa iwake. Sili ya pampu yenyewe ikichoka, oili huingia ndani ya altaneta na kuchafua brashi zake. Kwa hiyo altaneta iliyolowa oili kwenye gari hili haitengenezwi kwa kubadilisha altaneta pekee. Minya mipira hiyo kwa vidole kila unapobadilisha oili. Ikiwa migumu au ina nyufa, badilisha yote miwili pamoja na klipu zake.

Ya pili ni 1KD ya Hilux na Prado za lita 3.0. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayozuia gesi ya mwako. Washa zikipitisha gesi, masizi huingia kwenye oili, huwa kaboni ngumu, kisha huziba chujio lililo ndani ya sampu. Presha ya oili hushuka hata kama stiki inaonyesha imejaa. Dalili ni sauti ya pumzi ya kukatakata injini inapowashwa ikiwa baridi, na gesi nyingi inayosukuma ukifungua kifuniko cha kujazia oili. Anayenunua Hilux ya aina hii ikiwa imetumika aombe sampu ifunguliwe na chujio liangaliwe kwa macho.

Jambo jingine la kuogopa kwenye dizeli yoyote ni oili inayopanda kwenye stiki badala ya kushuka. Ukinusa dizeli au ukaona rangi ya kahawa ya maziwa, dizeli au maji yameingia kwenye oili. Usiwashe injini tena mpaka fundi aichunguze.

Ukarabati ambao mwenye gari anaweza: filta na washa

1. Washa injini kwa dakika chache ili oili ipate uvuguvugu, kisha zima.
2. Weka beseni, fungua nati, acha oili iishe.
3. Toa filta ya zamani. Pitisha kidole kwenye uso wa injini kuhakikisha raba yake haikubaki.
4. Paka raba ya filta mpya oili safi. Ifunge kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza takriban robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa kwenye filta.
5. Weka washa mpya kwenye nati, ukaze kwa kiasi kilichotajwa kwenye kitabu cha gari.
6. Jaza oili ya daraja lililoandikwa kitabuni, usivuke alama ya juu.
7. Washa, hakikisha taa inazima ndani ya sekunde chache, chungulia chini, zima, subiri na upime tena.

Nunua oili kwa muuzaji anayetoa risiti, na kagua kizibo: kopo lililokwisha kufunguliwa au lenye lebo iliyobandikwa kombo liache dukani. Oili chafu usiimwage kwenye mtaro wala karibu na kisima. Ihifadhi kwenye dumu lililofungwa na uipeleke kwa garaji inayokusanya oili chafu, na osha mikono kwa sabuni, kwa kuwa oili iliyotumika ina kemikali zinazodhuru ngozi.

Ukiamua kwenda kwa wakala

Wakala rasmi ana kompyuta ya kampuni, vipuri halisi na taarifa za matengenezo. Ndiye wa kumwendea gari likiwa bado chini ya dhamana, na kazi inapohitaji vifaa maalumu. Lakini mawakala wako miji mikubwa. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi pekee ni takriban kilomita 120, na anayetoka Kakanda ana kipande kingine kabla ya kufika Likasi. Gari linalovuja kwa mtiririko lisiendeshwe umbali huo. Lipakiwe juu ya lori.

*Kabla ya kuondoka*

1. Soma kitabu cha dhamana. Kwa kawaida hutaja miaka na kilomita, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Gasketi na sili za ndani kwa kawaida huhesabiwa katika kasoro za kiwandani. Oili na filta huhesabiwa kuwa vitu vya kuchakaa.
2. Angalia namba ya chasisi. Gari lililoagizwa likiwa limetumika, hasa lenye namba fupi ya soko la Japani badala ya ile ya tarakimu na herufi 17, mara nyingi halina dhamana kwa wakala wa Kongo. Piga simu uulize kabla ya safari.
3. Kusanya risiti za huduma. Wakala akikataa dhamana, mara nyingi atasema gari halikuhudumiwa kwa wakati.
4. Uliza kama kipuri kipo ghalani, usije ukaacha gari wiki kadhaa likisubiri sili.

*Kaunta ya mapokezi*

Usitaje kipuri, taja dalili. Ukisema "badilisheni gasketi", watabadilisha gasketi, na kuvuja kukiendelea watakuwa wametimiza ulichoagiza. Sema hivi: "Mkubwa, gari linaacha oili upande wa mbele kulia, imeshuka lita moja kwa kilomita 1,000. Naomba mtafute chanzo, mnionyeshe, ndipo tukubaliane bei." Kisha hakikisha karatasi ya kazi ina:

- malalamiko yako kama ulivyoyasema;
- kilomita, kiasi cha dizeli na mikwaruzo iliyopo;
- gharama ya uchunguzi pekee;
- kiwango cha juu kisichovukwa bila simu yako;
- bei kwa faranga au kwa dola, na kama ni dola, kiwango cha kubadilishia;
- ombi la kurudishiwa vipuri vya zamani.

Baki na nakala yenye sahihi na muhuri.

*Wakati wa kukabidhiwa*

Omba kuoneshwa sehemu iliyotengenezwa gari likiwa juu ya lifti. Ishike: iwe safi na kavu. Tazama sili ya zamani; ukingo wake uliokakamaa au kuchanika ndio ushahidi kuwa ilistahili kutolewa. Ankara itenganishe vipuri na ufundi, na iandike muda wa dhamana ya kazi yenyewe. Endesha kilomita kadhaa pamoja na fundi, rudini, angalieni chini tena kabla hujalipa.

*Kukiendelea kuvuja*

Usipeleke gari kwa fundi mwingine kulifungua. Wakala atasema mkono wa mwingine ndio ulioharibu. Mpe wakala taarifa ya maandishi yenye tarehe, picha na nakala ya ankara, na uombe jibu la maandishi. Ukikataliwa kaunta, omba kuonana na mkuu wa garaji, kisha mwandikie mwakilishi wa kampuni.

Sheria ina msingi wa kukusaidia. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba inaeleza katika kifungu cha 33 kwamba makubaliano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa walioyafunga. Ndiyo sababu karatasi ya kazi ina uzito. Tena, tangu Septemba 2012 Kongo imo ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja. Kwa mauzo kati ya wafanyabiashara, kanuni zake zinamtaka mnunuzi atoe taarifa ya kasoro inayoonekana ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea bidhaa, na ya iliyofichika ndani ya mwaka mmoja tangu igundulike. Ukiwa umenunua pikapu kwa jina la biashara, usiache miezi ipite kwa ahadi za mdomo.

KISANDUKU: Makosa yanayorudiwa

- Kupaka silikoni nyingi kwenye sampu. Inayobanwa kuelekea ndani hukatika na kuziba chujio la pampu.
- Kumimina dawa ya "kuzuia kuvuja". Huenda ikavimbisha raba kwa muda, lakini haizibi mpira uliopasuka wala nati iliyoliwa nyuzi.
- Kujaza oili kupita alama "ili ifike mbali". Krenkishafti huipiga ikawa povu, na presha ya oili inaweza kushuka.
- Kukaza bolti za kifuniko cha valvu kwa nguvu zote. Kifuniko hupinda na kuvuja zaidi.
- Kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja. Hata kuvuja kukikoma, hutajua ulilipia nini.

Orodha ya kukagua kabla ya safari ndefu

☐ Oili imepimwa injini ikiwa imepumzika
☐ Ardhi chini ya injini imeangaliwa kabla ya kusogeza gari
☐ Filta na nati ya sampu ni kavu
☐ Mipira ya altaneta (1HZ) imeminywa
☐ Kichujio cha hewa kimekung'utwa vumbi
☐ Lita mbili za oili ya daraja hilohilo, faneli na tambara
☐ Kizima moto karibu na kiti cha dereva
☐ Namba ya simu ya gari la kuvuta
☐ Baada ya matengenezo yoyote: ukaguzi siku ya kwanza, wiki ya kwanza, na tena baada ya kilomita 500, kila mara ukiandika daftarini